Nani Alikunywa Kwanza

Ninyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri kwanza. Sitaandika mara mbili. Mkono wangu umezoea jembe, kalamu unaishika kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake. Nilisoma mpaka mwalimu wa kanisa aliporidhika kwamba naweza kusoma Agano Jipya bila kuweka kidole kwenye mstari, kisha nikaambiwa nimetosha, nikaolewe.

Mmoja wenu, simtaji, alikaa kwangu na redio yake akanieleza kwamba masimulizi ya wazee, yale marefu ya akina babu walivyotoka magharibi na jembe na mbegu, ni mambo ya kupitishia muda wakati wa kupukuchua mahindi. Mambo ya nchi na nchi, akasema, yana wasomi wake na mikataba yake. Nikamwitikia. Nikamwongezea chai. Hajui kwamba mimi niliwaona mabwana wa serikali mbili wameketi kwenye viti vya kukunja, wanamsikiliza mjomba wangu akisimulia mambo hayohayo tangu umande haujakauka mpaka jua la utosi, kalamu zinakimbia, na mwisho wake serikali zote mbili zikashindwa kujua maji ni ya nani. Wasomi walikuwepo. Mkataba ulikuwepo, nilisikia ukisomwa. Kilichokosekana nitawaambia.

Kwetu kulikuwa mwendo wa asubuhi moja kutoka Tunduma. Msifikirie Tunduma hii ya malori. Wakati ule, kabla ya vita vya pili vya Wazungu, ilikuwa nyumba chache na vumbi. Kijiji chetu kilikuwa Tanganyika. Kijiji cha shangazi yangu, dada yake baba, kilikuwa Rodesia ya Kaskazini, na kutoka kwetu ungeweza kuona moshi wa jiko lake na kujua kama ameamka au bado. Katikati palikuwa na bonde bapa, na katikati ya bonde chemchemi. Pale ardhi imelala sana. Ukimwaga mtungi, maji yanasimama kwanza kama yanajiuliza yaende upande gani.

Baba alikufa nikiwa mdogo. Mama hakutaka kurithiwa, alisema mume mmoja wa kuzika alimtosha. Alichobaki nacho ni kinyungu, lile shamba la bondeni linalolimwa kiangazi kwa unyevu wa chemchemi. Maharage, maboga, mahindi ya kuchoma. Watu wenye ng'ombe waliweza kuuza ng'ombe mwezi wa njaa ukifika. Sisi tulikuwa na kinyungu kile, na kama kingekauka tungekwenda kukaa kwa watu na kuoshea watu vyombo. Hilo mlikumbuke katika yote nitakayosema, kwa sababu wale mabwana hawakulikumbuka.

Sasa simulizi. Ukoo wetu na ukoo wa ng'ambo ni wa mababu wawili, ndugu, waliotoka magharibi. Ni simulizi ndefu. Ndani yake mna simba, mna njaa, mna wake wawili wanaogombana mpaka vilima vinapata majina kwa matusi yao. Msimulizi husimama na jembe lisilo na mpini mkononi, analigonga kwa kijiwe, na kila akigonga mababu wanapiga hatua. Mwishoni wanafika kwenye chemchemi ile, ndimi zimevimba kwa kiu. Mmoja anapiga goti anakunywa. Mwingine anasimama na mkuki kumlinda mgongo. Aliyekunywa kwanza ndiye mkubwa, na maji ni yake.

Nani alikunywa? Hapo ndipo penye adabu. Watu wa ng'ambo wakija kwetu kwa harusi au msiba, msimulizi wetu anawaambia: babu yenu ndiye aliyekunywa, wetu alishika mkuki. Tukienda sisi kwao, msimulizi wao anatuambia: babu yenu ndiye aliyekunywa. Mwenye mji anampa mgeni ukubwa, na mgeni anaupokea kwa kunyamaza na kula. Mgeni haruhusiwi kukataa, ni kama kukataa kiti. Kwa hiyo sisi sote tulikuwa wakubwa, kwa zamu, na kila mtu alirudi kwake ameshiba.

Nilipokuwa mtoto nilimuuliza mama, "Lakini hasa hasa, nani alikunywa kwanza?"

"Aliyekuwa na kiu," akasema. "Lete kuni."

Basi mwaka mmoja, kiangazi, serikali zikakumbuka bonde letu. Rundo la mawe ambalo Wazungu wa zamani waliliweka kuonyesha mpaka lilikuwa limetawanyika, na pale palivyo bapa hakuna aliyejua kwa macho mpaka unapita wapi. Likaja agizo kwamba wazee wa pande mbili waulizwe, watoe ushahidi wa kale. Bwana Shauri wetu, mkuu wa wilaya, alikuja na wapagazi, alikuwa amelala Ihanda njiani, na Bwana wa ng'ambo akaja kutoka boma lake. Wote wawili Waingereza. Mfalme wao mmoja, wimbo wao mmoja. Walipoonana walifurahi kabisa, wakapigana mabega, wakanywa chai kwenye hema moja. Kisha kila mmoja akaenda kuketi upande wake wa bonde, wakawa mataifa.

Kwa haki, walisema, shauri lisikilizwe palepale kwenye maji, ili pasiwe na mwenyeji wala mgeni. Walilipenda sana wazo hilo. Mkalimani alilitangaza kama zawadi.

Jioni ile mjomba wangu, kaka yake mama, ambaye ndiye alikuwa msimulizi wetu, alikuja kwetu amenuna.

"Dada, kesho nisimame pale kama nani?"

"Kama wewe. Unataka kusimama kama kuku?"

"Sikiliza kwanza. Wamesema pasiwe na mwenyeji. Sasa kama hapana mwenyeji, nani anampa nani?"

"Kile kinyungu ni cha nani?"

"Chako."

"Nani anapalilia pale? Nani magoti yake yameota sugu pale?"

"Wewe, dada. Nani amebisha?"

"Basi mwenyeji ni sisi. Ukienda ukasimama kama mgeni umekwisha kunipotezea. Simama kama mwenye mji, simulia kama mwenye mji."

Mjomba akaondoka ameridhika. Shangazi alitusimulia baadaye kwamba jioni ileile, ng'ambo, mzee msimulizi wao naye alikuwa na wasiwasi uleule, na kuna mtu alimwambia maneno hayohayo. Mtu huyo alikuwa shangazi.

Asubuhi tulikusanyika. Wanaume mbele, wanawake nyuma, mabwana kwenye viti. Wazungu ndio walioanza, kwa sababu nao walikuwa na simulizi yao. Bwana Shauri alifunua karatasi akaisoma, na mkalimani, mtu wa pwani aliyekuwa akituonea huruma kwa baridi yetu, akaitoa kwa Kiswahili: kwamba hapo zamani wakubwa wa Uingereza na wakubwa wa Ujerumani walikutana, wakakubaliana mpaka upite pale maji yanapogawanyika.

Mzee wa ng'ambo akauliza, "Walikutana hapa?"

"Hapana. Kwao."

"Walikunywa maji haya?"

"Hawakuyanywa."

"Haya. Endelea."

"Imekwisha," mkalimani akasema.

Wazee wakatazamana. Nilimwona mjomba ameinama, anawaonea aibu. Simulizi ya mpaka wa nchi nzima, na haina wimbo, haina njaa, haina hata mtu mmoja aliyechoka njiani. Kwa adabu akauliza, "Na huyo ndugu yao Mjerumani, yeye hajaja kutoa ushahidi?"

Mkalimani akaangalia viatu vyake. "Aliondoka."

"Salama?"

"Walipigana, wakamfukuza."

"Ahaa," akasema mjomba. "Kwa hiyo ugomvi wa akina ndugu uko na kwenu." Hilo mkalimani hakulitafsiri. Alisema kitu kingine, kifupi, na Bwana Shauri akatabasamu.

Kisha mjomba akasimama, akashika jembe. Nimewasikia wasimulizi wengi maishani mwangu, sijamsikia aliyesimulia kama alivyosimulia mjomba siku ile. Alimleta simba mpaka watoto wakasogea kwa mama zao. Alipofika kwenye wake wawili na matusi yao, mkalimani alianza kuruka maneno, na mabwana walipoona watu wanacheka wakaandika kwamba watu wanacheka. Mwisho mababu wakafika kwenye maji. Mjomba akamgeukia mzee wa ng'ambo, akagonga jembe polepole.

"Babu yenu akapiga goti akanywa. Babu yetu akasimama na mkuki. Maji ni yenu, wakubwa zetu. Sisi tunakunywa kwa hisani yenu."

Tukapiga vigelegele. Mama alipiga kirefu kuliko wote. Kinyungu chake kilikuwa kimetolewa mbele ya serikali mbili, na yeye alikuwa akishangilia, kwa sababu ndugu yake alikuwa amesimama kama mwenye mji na hakukosea hata neno.

Mkalimani akatafsiri. Bwana wa ng'ambo akatikisa kichwa kwa furaha, akaandika. Bwana Shauri wetu akawa mwekundu mpaka masikio. Pengine ndipo mambo yangeishia, na leo ningekuwa nawaandikia hadithi nyingine. Lakini mzee wa ng'ambo alikuwa amekwisha kusimama.

"Ngoja kwanza. Nani amekualika unipe maji yangu?"

"Kaa, mgeni wetu," mjomba akasema. "Kaa upumzike."

"Mgeni mimi? Hapa? Wewe ambaye mkweo ananuka samaki wakavu mpaka kwetu unamwita nani mgeni? Mgeni ni wewe, na leo utakuwa mkubwa utake usitake. Lete jembe."

Akalinyakua jembe. Hakuanza mwanzo, hasira haikumruhusu, alianzia kwenye kiu. Akagonga mara chache kama anayevunja karanga, akapaza sauti: babu yetu sisi ndiye aliyekunywa, babu yao ndiye aliyeshika mkuki, maji ni ya Tanganyika, wao wa ng'ambo wanakunywa kwa hisani. Wanawake wa kwao wakapiga vigelegele. Shangazi alikuwa mbele.

"Bwana," mkalimani akasema kwa sauti ya mtu mgonjwa, "sasa huyu naye anasema maji ni ya hawa."

"Mkubwa ni wewe," mjomba akapiga kelele.

"Mkubwa mwenyewe."

"Babu yako alikunywa akabakiza tope."

"Babu yako alikunywa lile tope."

Ikabidi washikwe. Nimeona watu wakipigania shamba, nimeona wakipigania mwanamke. Siku ile ndiyo pekee niliyoona watu wazima wakishikana mashati kila mmoja akitaka kushindwa. Mngekuwa mmezaliwa pale msingeona ajabu. Kila mmoja alijua maji ni yake, ndiyo maana kila mmoja aliyatoa. Huwezi kumpa mtu ukubwa kwenye mji usio wako. Mwenyeji hakukosekana siku ile, walikuwepo wawili. Aliyekosekana ni mgeni. Hakuna mtu hata mmoja pale aliyekubali kuketi akapokea.

Mabwana walikwenda kando wakazungumza. Waliporudi walikuwa wameelewa kila kitu. Mkalimani akatusomea: mabwana wameona ujanja wetu. Watu hawa wakiulizwa na serikali yao wanajifanya ni wa serikali nyingine, ili kodi isiwapate. Kwa hiyo chemchemi itazungushiwa miiba, isichotwe na mtu yeyote, mpaka majibu yatakapotoka kwa wakubwa. Upande wetu atakaa askari wa ng'ambo, atuzuie sisi. Upande wa ng'ambo atakaa askari wa kwetu, awazuie wao. Kwa namna hiyo hakuna askari atakayewapendelea watu wake. Hilo nalo walilipenda.

Usiku ulipoingia mama na mjomba walikaa karibu na moto mpaka ukapungua.

"Nilisimulia vizuri," mjomba akasema.

"Ulisimulia vizuri sana. Nilikupigia kigelegele."

"Ungetaka nifanyeje?"

"Hakuna. Nenda kalale."

Maji mengine yaliyokuwapo yalikuwa mtoni, mbali. Tulikuwa tukiondoka na mitungi alfajiri na kurudi jua limewaka, maji ya kunywa na kupikia tu. Ya kinyungu hayakuwepo. Maharage yalikuwa yametoa maua, maua yakaanza kudondoka. Majani ya maboga yalilala mchana, na ilipofika jioni hayakuamka. Mama alikuwa akisimama pembeni ya shamba akiyatazama. Siku moja nilimsikia akihesabu nyumba za ndugu ambao tungeweza kwenda kukaa kwao. Alihesabu kwa sauti ndogo, na kila nyumba alikuwa na sababu ya kuiruka.

Yule askari wa ng'ambo alijenga kibanda chake cha nyasi pembeni mwa kinyungu chetu. Alikuwa kijana mrefu, kwao mbali kusini katika nchi ya Wabemba, na posho yake ilikuwa inachelewa. Mama alimtazama siku ya kwanza, akamtazama ya pili. Kisha akapika. Ugali wa ulezi, majani makavu ya kunde kwa karanga, katika bakuli letu zuri. Tukampelekea pamoja.

Askari akasimama, akaamkia kwa heshima ya kwao. "Mukwai, mama. Nimekatazwa kuongea na watu wa upande huu."

"Nani amekwambia uongee? Kula."

"Kwa nini unanipa chakula, na mimi ndiye ninayekuzuia maji?"

"Umelala mlangoni kwangu. Kwani nimekuuliza kazi yako? Kula, ugali unapoa."

Akala. Mtu mwenye njaa hawezi kuhojiana na karanga. Mama akakaa chini kwa adabu, na alipomaliza akamsimulia ile simulizi. Kwetu wanawake hawasimulii, lakini mjomba alikuwa amesusa. Alisimulia kwa kifupi, bila jembe, hata simba hakumtia. "Babu yenu akapiga goti akanywa."

"Babu yangu?" askari akasema. "Babu yangu hajawahi kufika huku, mama. Babu yangu alikuwa anaogopa hata mto."

"Alifika. Ongeza mboga."

Tukaendelea kumpelekea. Ng'ambo, shangazi alisikia kwamba wifi yake anamlisha askari. Msidhani walipanga. Mawifi wale hawakuwahi kupanga jambo lolote maisha yao yote. Kila mmoja alikuwa akimchungulia mwenzake asije akamzidi. Shangazi akachinja jogoo, akampelekea askari wetu, na siku ya pili habari za jogoo zikatufikia. Mama alikunja uso kana kwamba amesikia tusi.

Lakini jogoo hatukuwa naye, na maji yalikuwa yanatuishia. Ikafika siku mtungi ulitoa maji ya kusonga ugali nusu, nao ugali ukatoka mkavu, unapasuka kama udongo wa kiangazi. Mama aliutazama sana kabla ya kuufunika. Tukampelekea askari.

Alimega, akatafuna, akatafuna. "Leo umekauka, mama."

"Maji yamekwisha. Binti yangu amefunga mguu, kuna kidonda, mtoni hawezi kufika kesho. Kesho sitapika." Mama akalitazama bakuli. "Nisamehe, mgeni wangu. Nimekuaibisha, nimejiaibisha."

Msije mkasema alikuwa anaigiza. Mguu wangu ulikuwa umevimba kweli, na sauti ya mama ilikuwa ileile aliyoitumia siku ya kumzika baba. Kwetu mtu kulala njaa mlangoni kwako ni jambo linalosimuliwa mpaka kwa wajukuu, na yeye alikuwa anaona linakuja.

Askari aliweka bakuli chini. Akaitazama miiba. Akayatazama maharage yetu, na maboga yaliyolala. Akasimama, akachukua bunduki yake, akatembea mpaka mwisho wa kinyungu, akatupa mgongo. Alisimama pale akitazama vilima vya kwetu, wima kabisa, kama askari aliyepata amri mpya.

"Mama," alisema bila kugeuka, "wewe ukichota, mimi nitasimama hapa mpaka mtungi ujae. Usiniambie umejaa. Nitajua ugali ukija."

Mama alinyanyua tawi la miiba kwa fimbo, akaingia. Upande wa pili wa maji alikuwa shangazi, ameinama na mtungi wake, na askari wetu kule nyuma amempa mgongo, anatazama Rodesia. Wale mawifi wawili wakatazamana.

"Na wewe?" mama akasema.

"Jogoo," shangazi akasema. "Wewe je?"

"Majani ya kunde."

Shangazi akainua mtungi wake akaondoka, na mama alirudi nyumbani anatembea kama mtu aliyeshinda kesi.

Tukamwagilia. Maharage mengi yaliamka, mengine yalikuwa yamekwisha kufa. Maboga hayakupona, lazima niseme kweli. Lakini tulivuna cha kutosha kubaki nyumbani kwetu.

Mabwana waliporudi kukagua, walikuta askari wawili walionenepa mpaka mikanda imesogezwa. Kila bwana akamuuliza wa kwake: umeona mtu anachota? Kila mmoja akajibu hakuona mtu. Walisema kweli. Bwana Shauri aliangalia maharage yetu ya kijani katikati ya kiangazi, akaangalia mbingu, akaangalia tena maharage. Halafu akatoa karatasi. Majibu ya wakubwa yalikuwa yamekuja, pande zote mbili, na yote yalisema neno moja: jambo hili lichunguzwe zaidi, na kwa sasa wenyeji watumie maji kama walivyotumia. Nadhani bado linachunguzwa. Haukupita muda vita vikaanza huko kwao, kati yao na yule ndugu yao Mjerumani, askari wetu wote wawili wakachukuliwa. Yule mrefu alikuja kuaga. Miiba tulipikia.

Sasa ninyi mnafungua redio, na mimi nasikiliza pamoja nanyi, siku hizi masikio bado yapo. Nasikia wakubwa wa dunia wamekutana katika mji ambao si wa yeyote kati yao, mahali walipopachagua kwa sababu hapana mwenyeji wala mgeni. Kila mmoja anasimulia jinsi babu yake alivyokunywa kwanza. Hakuna aliyepika. Hakuna anayemwambia mwenzake, ni babu yako. Mnaniambia hao ndio wenye taratibu. Sawa. Mimi sikusoma sana.

Nimalizie la nyumbani kwangu. Hiyo ilikuwa miaka ya mwisho ya Mwingereza. Nilikuwa nimeolewa, nina watoto wakubwa, mume wangu ananunua mahindi na kuyapeleka Mlowo, na kinyungu kile nilikuwa nakilima mimi. Mama alikuwa amezeeka, anakaa kwenye mkeka juani. Watu wa ng'ambo walituma habari kwamba wanakuja kuposa binti yangu wa pili. Wakati huo ng'ambo walikuwa wameunganishwa na nchi nyingine za walowezi, wao hawakutaka, na huku kwetu vijana walikuwa wanazungumza habari za uhuru kila mahali, mpaka kisimani. Mwanangu wa kwanza alikuwa amesoma Vwawa, amerudi na kalamu mfukoni mwa shati, na ndiye aliyerithi jembe la mjomba.

Tulikuwa tunakula. Akasema, "Mama, safari hii tuwaambie ukweli."

"Ukweli gani?"

"Kwamba sisi ndio tuliokunywa kwanza. Tunakaribia kuwa nchi yetu wenyewe. Hatuwezi kuendelea kujidharau mbele ya watu wa serikali nyingine."

"Huo ukweli umeusoma wapi?"

"Haujaandikwa. Lakini ukitazama bonde lilivyo, ni wazi."

Baba yake alicheka kidogo, akaona uso wangu akaacha. Wadogo zake walikuwa wametega masikio, nikaona wawili wanakubaliana naye kwa macho. Binti yangu, yule wa kuposwa, aliacha kula. Alikuwa anampenda yule kijana wa ng'ambo, sote tulijua, na alijua kinachotokea kwa posa mgeni akitukanwa mlangoni. Mama kwenye mkeka wake alifumbua macho, akanitazama mimi, hakumtazama mjukuu wake.

Niliweka mwiko chini. Nikawaambia nyumba nzima, "Kesho tutachinja jogoo wawili. Maji ya kunawa yawe ya moto. Na wewe mwenye kalamu, wewe ndiye utakayesimama na jembe mbele ya wageni, utawaambia babu yao ndiye aliyekunywa, utasimulia kuanzia magharibi mpaka kwenye maji, simba yumo, wake wawili wamo, na usikohoe hata mara moja."